Kuhesabu, Kukadiria na Kuthamini: Historia Fupi ya Maneno ya Kodi ya Majengo

Miongoni mwa istilahi ambazo watafsiri wa sheria, maafisa wa halmashauri na waandishi wa magazeti hutuletea mara kwa mara, zimo zile zinazohusu kodi anayotozwa mwenye nyumba. Ni istilahi chache, na kwa mtazamo wa kwanza hazina ugumu wowote: kodi, thamani, kadirio, kiwango, pingamizi, rufaa. Kila msemaji wa Kiswahili hudhani kwamba anazijua. Lakini zikikutanishwa katika barua moja, ile ambayo mwenye nyumba huipokea na kutakiwa alipe kabla ya tarehe fulani, hudhihirika kwamba aliyeiandika na aliyeisoma hawazungumzi jambo moja. Msomaji huona fedha ni nyingi, huenda ofisini kulalamika, na huko huambiwa kwamba alilolilalamikia halina pa kulalamikiwa. Na lile ambalo sheria ilimruhusu kulipinga hakulitaja, na muda wake umekwisha kupita.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno hayo yalivyofika hapa yalipo. Hatutayapa yote nafasi iliyo sawa, kwa kuwa historia zake hazilingani kwa urefu.

Kodi mbili katika neno moja

Tuanze na neno kodi lenyewe. Mpangaji akisema "nimelipa kodi", ana maana ya fedha alizompa mwenye nyumba. Mfanyabiashara akisema maneno hayo hayo, ana maana ya fedha alizoilipa serikali. Kitenzi kukodi hakina uhusiano wowote na serikali: twakodi baiskeli, twakodi shamba, twakodi gari la kwenda harusini. Wako wanaouona mchanganyiko huu kuwa ni upungufu wa lugha. Sisi hatuoni hivyo. Kwa upande wa mlipaji, malipo hayo mawili yana sura moja, kwani yote ni fedha zitolewazo kila baada ya muda ili mtu aachwe akae alipo kwa amani.

Miji ya pwani, kabla ya utawala wa kikoloni, ililijua zaidi neno ushuru, ambalo limetokana na Kiarabu na maana yake ya asili ni sehemu ya kumi. Ushuru ulitozwa forodhani juu ya bidhaa zilizoingia na kutoka. Katika Unguja ya karne ya 19 ukusanyaji wake ulikodishwa kwa wafanyabiashara, na aliyejulikana zaidi kati yao alikuwa Jairam Shivji, ambaye alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa naye akajikusanyia ushuru mwenyewe. Yafaa kuangalia kwamba ushuru hushika mali inayopita. Nyumba haipiti. Kuitoza nyumba iliyosimama mahali pake lilikuwa wazo geni, nalo lilipoletwa likatafutiwa neno, na neno lililopatikana likawa kodi.

Tokeo la uteuzi huo twaliona hadi leo. "Kodi ya nyumba" yaweza kuwa ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na yaweza kuwa ni malipo ya mwenye nyumba kwa serikali. Lugha ya kiofisi nchini Tanzania imejitahidi kutenganisha mambo haya kwa njia mbili. Kwanza, malipo ya ardhi kwa serikali yameitwa kodi ya pango la ardhi, pango likiwa limetokana na kupanga. Pili, ile itozwayo juu ya nyumba imeitwa kodi ya majengo. Jengo ni neno lenye upana wa kutosha, kwa kuwa lajumuisha ghala, duka, hoteli na nyumba ya kuishi, tena halimkumbushi mtu mambo ya upangaji. Hatulioni kosa lolote. Huko Nairobi tatizo bado lipo, maana kuna malipo mawili ya ardhi, moja la kaunti na moja la serikali kuu, na magazeti ya Kiswahili huyaita mara kodi ya ardhi, mara ada ya ardhi, bila ya msomaji kujua lipi ni lipi.

Kibanda kimoja, malipo mamoja

Sheria ya Kijerumani iliyotolewa Novemba 1897, na kuanza kutumika mwaka uliofuata, ilitoza rupia 3 kwa kila kibanda cha shambani, na nyumba za mijini zilitozwa zaidi kwa kufuata aina yake. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 nao uliweka rupia 3 kwa kila nyumba. Katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya kodi ya namna hiyo ilianza mwaka 1901. Kwa Kiswahili iliitwa kodi ya kibanda, na mahali pengine kodi ya nyumba.

Tukiliangalia jambo hili kwa macho ya mtu wa istilahi, twaona kwamba mtoza kodi wa wakati ule alihitaji kitenzi kimoja tu, nacho ni kuhesabu. Hakuulizwa kibanda kina thamani gani, wala mwenyewe ana uwezo gani. Palipotokea ubishi, ulikuwa ubishi wa idadi: hiki ni kibanda cha kuishi au ni ghala la nafaka, hiki ni cha mama yako mjane au ni cha mke wa pili? Watu nao waliielewa kanuni hiyo upesi, wakapunguza vibanda na kusongamana ndani ya vichache. Serikali ikajibu kwa kukiongeza kitu ambacho mtu hawezi kukipunguza, yaani kichwa. Kenya ilipata sheria ya kodi ya kibanda na ya kichwa mwaka 1910, na Tanganyika mwaka 1922. Ndipo "kodi ya kichwa" ikaenea katika vinywa vya watu kuliko jina jingine lolote la kodi, hata wazee wetu wengi hawakuwa na jina jingine.

Kodi ya namna hiyo yaweza kuwa nzito, na yaweza kuwa dhuluma, lakini haina rufaa. Hesabu ikiwa sahihi, hakuna la kupinga ila kodi yenyewe. Na anayepinga kodi yenyewe hapingi kama mlipaji, bali kama raia au kama mwasi. Hii ndiyo sababu maneno pingamizi na rufaa hayaonekani kabisa katika msamiati wa kodi ya kibanda. Yanayoonekana ni kukimbia, kujificha, kukamatwa na kufungwa.

Mbiru

Badiliko kubwa lilikuja pale serikali ilipotaka kumtoza kila mtu kwa kadiri ya mali yake. Mfano ulio wazi kuliko yote katika nchi yetu ni wa Upare. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili wenye mamlaka wa huko, kwa msaada wa serikali ya kikoloni, waliweka kodi ya madaraja juu ya kodi ya kawaida. Waliipa jina la mbiru, ambalo katika Chasu lilikuwa la malipo ya kale kwa watawala, bila shaka kwa matumaini kwamba jina la kale lingeifanya kodi mpya ionekane ya nyumbani. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani wakaenda Same, wakakaa huko wakidai kodi hiyo iondolewe, na upinzani uliendelea kwa muda mrefu. Profesa Isaria Kimambo aliiandikia kitabu habari hiyo, kilichotoka mwaka 1971.

Watu hawa hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa wakilipa kodi ya kichwa mwaka hata mwaka. Walichokikataa ni kukadiriwa. Kamati ilikaa ikamtia mtu katika daraja kwa kuangalia ng'ombe wake, shamba lake na vitu vyake, naye aliyetiwa katika daraja hakuwa na njia ya kujua jirani yake ametiwa katika daraja gani, wala kwa kipimo gani. Mwishowe utaratibu wa madaraja uliachwa, na kiwango kimoja kwa wote kikarudishwa.

Hapa pana jambo la kufikiriwa. Kodi ya madaraja, kwa maneno yake, ilikuwa ya haki zaidi kuliko kodi ya kichwa, kwa kuwa ilikusudia mwenye kingi atoe kingi. Watu wakaona ni heri ile isiyo na haki lakini yenye hesabu inayoonekana. Hatuamini kwamba Wapare walikosea. Kukadiria kusiko na daftari la wazi ni kukisia tu, na kitenzi kukisia hakifai katika sheria ya kodi. Neno kukadiria, ambalo shina lake la Kiarabu lahusu kipimo na kadiri, lilianza kubeba katika masikio ya walipa kodi maana ya kukisiwa na mtu mwenye cheo. Maana hiyo bado haijalitoka. Mwenye duka akisema "wamekuja kunikadiria", hasemi kwa furaha.

Daftari

Utaratibu wa kodi ya majengo mijini haukutokana na kodi ya kibanda. Ulitokana na asili nyingine, yaani sheria ya Uingereza ya mwaka 1601 iliyohusu kuwasaidia maskini, ambayo iliamuru kila parokia iwatoze wakazi wake kwa kufuata mali wanayoikalia. Kwetu sisi lililo muhimu ni kwamba sheria hiyo, tangu siku yake ya kwanza, ilimruhusu aliyejiona ameonewa apeleke shauri lake mbele ya mahakimu. Kodi na rufaa vilizaliwa pamoja. Walowezi na maafisa walipounda mabaraza ya miji Afrika Mashariki walikuja na utaratibu huo kwa ajili yao wenyewe, na kwa miaka mingi ulitumika katika mitaa yao, huku kodi ya kibanda na ya kichwa ikitumika kwa Waafrika. Kwa hiyo katika nchi moja palikuwa na kodi mbili za nyumba, moja ya kuthaminiwa na yenye rufaa, nyingine ya kuhesabiwa na isiyo na rufaa. Msamiati wa ile ya kwanza ulibaki katika Kiingereza hadi baada ya uhuru, na ndiyo maana leo hii twahangaika nao.

Sheria ya Kenya ya mwaka 1956 juu ya uthamini kwa ajili ya kodi ilionyesha utaratibu huo kwa ukamilifu. Mthamini aliandaa rasimu ya daftari la uthamini. Tangazo lilitolewa, daftari liliwekwa wazi, na mtu yeyote aliweza kulikagua. Katika siku 28 baada ya tangazo, asiyeridhika aliweza kuleta pingamizi kwa maandishi, nalo lilisikilizwa na baraza maalumu la uthamini, na baada ya hapo ilikuwako njia ya kwenda Mahakama Kuu. Pingamizi liliweza kuhusu mambo matatu: kwamba mali fulani imeingizwa isipostahili, kwamba mali fulani imeachwa ilipostahili kuingizwa, au kwamba thamani iliyoandikwa si sahihi. Lile la pili huwashangaza wengi. Mlipaji aliruhusiwa kupinga kwa sababu jirani ameachwa! Laiti kamati za mbiru zingalikuwa na kifungu hicho.

Tanzania ilipitia njia ndefu zaidi. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978, na Sheria ya mwaka 1983 ya kodi za mamlaka za miji ndiyo iliyoweka upya daftari la uthamini, pingamizi na baraza la kuyasikiliza. Kwetu thamani ilikuwa ya jengo, si ya ardhi, kwa kuwa ardhi ni mali ya umma. Nairobi ilifanya kinyume, ikathamini ardhi na kuliacha jengo. Thamani ya jengo ni ile ya soko, au, soko lisipoweza kuonyesha thamani hiyo, ni gharama ya kulijenga upya baada ya kutoa uchakavu. Neno uchakavu lastahili sifa. Limetoka katika lugha ya kila siku, nguo huchakaa na godoro huchakaa, na likaingia katika hesabu za wathamini bila ya kubadilishwa hata herufi. Mwenye nyumba anapotaka kupinga thamani, mara nyingi hoja yake ya nguvu ndiyo hiyo: mthamini alitazama ukubwa wa jengo akasahau bati lililooza na msingi ulioliwa na maji ya chumvi.

Sasa tufike kwenye kiini cha matatizo. Kodi ya namna hii hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili, yaani thamani na kiwango. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba imethaminiwa kwa shilingi 40,000,000 na kiwango ni asilimia 0.15, kodi itakuwa shilingi 60,000 kwa mwaka. Thamani ni jambo la ukweli, na ndiyo maana hubishaniwa kwa ushahidi mbele ya baraza. Kiwango ni jambo la uamuzi, na huamuliwa na madiwani au bunge. Hakibishaniwi mbele ya baraza la uthamini, bali katika mkutano na katika sanduku la kura. Na kadirio ni tokeo la hivyo viwili, yaani kiasi ambacho mtu huyu anatakiwa kulipa mwaka huu. Barua nyingi huandika "makadirio ya nyumba yako ni" na kisha hutaja kiasi, bila ya kueleza kama ni thamani au ni kodi. Mtu aliyeandikiwa hivyo atapinga nini?

Lawama sehemu yake iende kwa Kiingereza, ambacho mtu wake mmoja, 'assessor', huthamini na kukadiria kwa pamoja, tena huketi pia mahakamani kumshauri hakimu. Shina lake la Kilatini ni kuketi kando ya mtu. Kiswahili kimekataa kumfuata huko, na kimefanya vema. Yule wa mahakamani ni mshauri wa mahakama, au mzee wa baraza; yule wa majengo ni mthamini; yule anayetoa hesabu ya kodi ni mkadiriaji. Tafsiri zinazowarudisha watu hawa watatu katika jina moja zinaturudisha nyuma.

Tofauti ya thamani na kiwango si ya vitabuni tu. Nairobi ilitumia kwa takriban miaka arobaini daftari lenye thamani za mwaka 1980. Bei za viwanja zilipanda mara nyingi, daftari halikupanda, na fedha za jiji zilipopungua kilichopandishwa ni kiwango, hadi kikazidi asilimia 20 ya thamani hiyo ya zamani. Mwenye kiwanja aliyeumizwa na ongezeko hakuwa na pingamizi la kuleta, kwa kuwa thamani yake ilikuwa ndogo kuliko ukweli. Mwaka 2023 kaunti ilianza kutumia thamani za mwaka 2019 kwa kiwango cha asilimia 0.115. Asilimia ikashuka sana, na baadhi ya watu wakatozwa zaidi. Habari kama hiyo haiwezi kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili aliyezoezwa kuliita kila jambo "makadirio".

Hali iliyo kinyume yaweza kuumiza vilevile. Daftari likifuata bei za soko kwa ukaribu, nyumba hupanda na mwenyewe hapandi. Mstaafu aliyejenga zamani mahali palipokuwa pori, na sasa pana barabara ya lami, ameonekana tajiri katika daftari hali pensheni yake ni ile ile. Aweza kuiuza nyumba akawa tajiri kweli, lakini hatakuwa na pa kulala. Katika Jimbo la California, Marekani, hasira ya namna hii ndiyo iliyowafanya wapiga kura, Juni 1978, wapitishe badiliko la katiba ya jimbo lililofunga kodi kwenye asilimia 1 ya thamani na kuzuia thamani hiyo isiongezwe kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Tokeo lake ni kwamba majirani wawili wenye nyumba za kufanana waweza kulipa kodi zilizo mbalimbali kabisa, kwa kuwa mmoja alinunua zamani na mwingine jana. Mstaafu wetu angeipenda sheria hiyo. Kijana anayenunua nyumba yake ya kwanza asingeipenda.

Thamani yenyewe, hata hivyo, si moja. Wasomaji wenye umri watakumbuka Aprili 1971, sheria ilipowezesha serikali kuyatwaa majengo yaliyopangishwa ambayo thamani yake ilifikia shilingi 100,000, nayo yakawa chini ya Msajili wa Majumba hadi shughuli zake zilipotiwa katika Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Wakati ule, mwenye jengo aliyetaka kulibakiza alitamani thamani ionekane ndogo, na aliyekubali kwamba limekwenda alitamani ionekane kubwa kwa ajili ya fidia. Mtu huyo huyo leo hutaka thamani ndogo mbele ya mtoza kodi na thamani kubwa mbele ya benki. Hatusemi kwamba ni mnafiki. Twasema kwamba neno thamani, likiachwa peke yake, halitoshi. Lazima liandikwe thamani ya kodi, thamani ya fidia au thamani ya soko, kwa kadiri ya sheria inayohusika.

Mita

Kuthamini ni kazi ghali. Inahitaji wathamini, na sheria yetu ya mwaka 2016 iliyoweka utaratibu wa kuwasajili haikuwaongeza idadi kwa usiku mmoja, huku miji ikikua kila siku. Mwaka huo huo ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Nyumba ambazo hazikuwa zimethaminiwa ziliwekewa viwango vya jumla, na kutoka Agosti 2021 kodi ikaanza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo viliongezwa vikawa 1,500 na 7,500.

Hatutii neno katika sera hiyo, ambayo ina faida zake, na kubwa ni kwamba fedha hukusanywa bila ya mtu kugongewa mlango. Lakini kwa historia ya maneno, hili ni jambo la ajabu. Baada ya zaidi ya miaka 120 tumerudi kwenye kitenzi cha kwanza. Mita huhesabiwa kama kibanda kilivyohesabiwa. Nyumba ya vyumba viwili vya tofali za udongo na nyumba ya vyumba sita yenye bustani zimewekwa katika kundi moja. Na ubishi nao umerudi kuwa wa idadi: nyumba moja yenye mita tatu ilipe mara ngapi? Je, mita iliyo kwenye kisima ni jengo? Mwenye nyumba mwenye umri wa miaka 60, ambaye sheria imemsamehe kwa nyumba anayoishi, afanyeje ili mita yake ijue umri wake?

Maswali haya si pingamizi, na wala si rufaa. Ni maombi ya kusahihisha kumbukumbu. Twapenda yaitwe hivyo, kwa sababu mtu anayedhani kwamba ana haki ya rufaa juu ya kiwango cha jumla atapoteza nauli yake.

Neno kodi nalo limejikunja likarudi lilikoanzia. Anayenunua umeme katika nyumba nyingi za mijini ni mpangaji. Yeye hulipa kodi kwa mwenye nyumba, kisha akinunua umeme hukatwa kodi ya jengo lisilo lake. Serikali ilieleza kwamba mpangaji na mwenye nyumba wapatane juu ya kurudishiana fedha hizo. Tumesikia mpangaji akiuliza dirishani, "Hii ni kodi ipi, nami kodi nimekwisha lipa?" Karani alicheka. Kwa maoni yetu swali lilikuwa sahihi kabisa, na karani ndiye aliyestahili kutafuta jibu.

Istilahi tunazopendekeza

Kwa kuwa tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na kwa kuwa Kenya nayo ilipitisha sheria mpya ya taifa juu ya kodi hizi mwaka 2024, istilahi zilizoelea zapaswa kufungwa nanga. Mthamini huthamini na hutoa thamani, ambayo huandikwa katika daftari la uthamini. Mamlaka huweka kiwango. Mkadiriaji hutoa kadirio, kwa umoja. Makadirio tuyaachie mapato na matumizi ya serikali, ambako yamekwisha zoeleka.

Kuhusu hatua za mlipaji, tumeona barua zinazomwalika alete malalamiko. Neno hili halifai. Mtu hulalamika kwa jirani, hulalamika kwa Mungu, na anayelalamikiwa aweza kusikia au asisikie. Pingamizi ni tendo la sheria: lina muda, lina maandishi, na anayelipokea analazimika kulijibu. Rufaa huja baadaye, pale pingamizi lilipokataliwa na mtu akapanda ngazi ya juu. Na shina lake la Kiarabu lina maana hiyo hiyo ya kuinua. Wengine huandika rufani, kama katika Mahakama ya Rufani na Bodi ya Rufani za Kodi. Hatuoni sababu ya kuyabadili majina ya vyombo hivyo, lakini kitenzi kilichozoewa tangu mahakama za mwanzo ni kukata rufaa, na raia asisumbuliwe kwa sababu ya silabi moja.

Barua iendayo kwa mwenye nyumba ambaye jengo lake limethaminiwa ingeweza basi kuandikwa hivi: "Thamani ya kodi ya jengo lako, kama ilivyo katika daftari la uthamini, ni shilingi kadha. Kiwango kilichowekwa kwa mwaka huu ni asilimia kadha. Kadirio la kodi yako ni shilingi kadha. Daftari liko wazi katika ofisi hii saa za kazi, nawe waweza kulikagua bila malipo. Ikiwa huridhiki na thamani iliyoandikwa, au jengo limeingizwa au limeachwa isivyostahili, lete pingamizi kwa maandishi kabla ya tarehe fulani." Tarehe hiyo ipigwe chapa kwa herufi za ukubwa ule ule wa tarehe ya mwisho ya kulipa.